Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Steringi Hufa katika Filamu za Asia?

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa barua zinazohusu vifo visivyosahaulika katika filamu za mapigano na za kutisha kutoka Asia. Baadhi ya barua tumezifupisha. Kwa kuwa haiwezekani kukieleza kifo bila kuueleza mwisho wa kisa, msomaji anayetaka kuitazama filamu fulani pasipo kujua kinachofuata na airuke sehemu inayoihusu.

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu utotoni, katika mabanda ya video, tuliambiwa kwamba steringi hafi. Hivi karibuni nilitazama Train to Busan, kisha rafiki akaniletea The Killer ya Hong Kong, na katika zote mbili yule niliyemfuata tangu mwanzo amekufa. Sikufurahi, lakini siwezi kuzisahau. Je, watengenezaji wa filamu wa Asia wanatafuta machozi tu, au kuna sababu nyingine? Msomaji, Tanga.

JIBU: Machozi wanayatafuta, ndugu yetu, wala hawaoni haya kuyatafuta, lakini sababu yenyewe ina umri mkubwa kuliko sinema. Huko Hong Kong, katika vituo vya polisi na katika maskani ya magenge pia, huwekwa madhabahu ya Guan Yu, jemadari wa China aliyekamatwa na kuuawa mwanzoni mwa karne ya 3, ambaye baadaye watu walimwabudu kwa sababu ya uaminifu wake kwa ndugu zake wa kiapo. Huko Japani, kisa ambacho jukwaa la kabuki, tamthilia ya jadi ya nchi hiyo, na baadaye sinema zimekisimulia mara nyingi mno ni cha samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao, na ambao mwaka 1703, isipokuwa mmoja, waliamriwa kujiua kwa kujipasua matumbo. Mtazamaji aliyelelewa na visa vya namna hiyo haketi akisubiri kuona kama shujaa atatoka salama. Anasubiri kuona kama atalipa analodaiwa, na kwa gharama gani.

Chukua hiyo The Killer, iliyoongozwa na John Woo mwaka 1989. Ah Jong, muuaji wa kukodiwa anayeigizwa na Chow Yun-fat, anafyatua bastola karibu mno na uso wa Jennie, mwimbaji wa klabu asiye na hatia yoyote, na mwako wa risasi unayaharibu macho ya binti huyo. Hayo hutokea mwanzoni kabisa, na kuanzia hapo filamu nzima inalifuata deni hilo. Anakubali kazi ya mwisho ili apate fedha za upasuaji. Anamwomba mpelelezi Li, adui aliyegeuka kuwa rafiki, kwamba yeye akifa, konea za macho yake apewe Jennie. Ombi hilo ndilo linalokifanya kifo chake kiwe kigumu kukivumilia, kwa sababu katika mapambano ya mwisho ya pale kanisani mkuu wa genge anampiga risasi za macho. Ah Jong na Jennie, sasa wote wawili hawaoni, wanatambaa wakitafutana, wanapishana, na mwanamume anakata roho kabla mikono yao haijagusana. Mtu akilitazama tukio hilo peke yake, bila saa nzima na zaidi iliyolitangulia, anaweza kusema chumvi imezidi. Aliyeketi tangu mwanzo anajua kwamba Ah Jong aliomba jambo moja tu, na ndilo hilo alilonyimwa.

Woo hakuyazua hayo peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa msaidizi wa mwongozaji Chang Cheh katika kampuni ya Shaw Brothers, na Chang ndiye aliyewazoesha watazamaji wa Hong Kong kumwona shujaa akifa taratibu, mavazi meupe yakilowa damu. Katika Vengeance! ya mwaka 1970, Ti Lung anaigiza msanii wa opera ya Kichina anayevamiwa na kundi la wauaji katika nyumba ya chai. Picha za mauaji hayo zinapokezana na picha zake mwenyewe akiwa jukwaani, uso umepakwa rangi, akimwigiza shujaa aliyejeruhiwa vibaya na ambaye bado anapigana. Anakufa mara mbili kwa wakati mmoja: jukwaani kwa madaha, duniani kwa maumivu na fujo. Sijaona tukio jingine linaloonyesha kwa uwazi namna hiyo kwamba sinema ya mapigano ya Kichina ni mtoto wa jukwaa la opera, na mtu anayeshangaa kwa nini majeruhi wa Hong Kong husimama tena na tena baada ya jeraha ambalo lingemmaliza mtu mara moja, jibu lake liko hapo.

Miaka 16 baadaye Ti Lung huyo huyo alikuwa Ho, kaka mkubwa katika A Better Tomorrow ya John Woo, na safari hii kifo kilikuwa cha rafiki yake Mark, ambaye pia anaigizwa na Chow Yun-fat. Mark alikwisha kupanda boti na njia ilikuwa wazi mbele yake. Alirudi kwa hiari ili asimwache Ho peke yake. Katikati ya mapambano anamshika Kit, mdogo wake Ho, polisi anayemchukia kaka yake, anamweleza udugu ni kitu gani, na risasi zinampata kichwani kabla hajamaliza kusema. Mwongozaji mwingine angemwachia afikishe hotuba yake mwisho. Kumkatiza kulimlazimu Kit aimalizie mwenyewe kwa matendo. Filamu ilipendwa kiasi kwamba mwaka 1987 Chow alirudishwa katika sehemu ya pili kama pacha wa Mark, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikipunguzia kifo cha kwanza uzito wake. Hata hivyo sehemu hiyo ya pili ina kifo chake cha kukumbukwa: Kit, anayeigizwa na Leslie Cheung, anafariki katika kibanda cha simu huku akizungumza na mkewe aliyetoka kujifungua.

Sasa Train to Busan, iliyoongozwa na Yeon Sang-ho na kutoka mwaka 2016. Korea Kusini peke yake iliuza tiketi zaidi ya milioni 11, na siamini kwamba watu wote hao walifuata mazombi. Walimfuata baba na bintiye. Seok-woo, msimamizi wa mfuko wa uwekezaji, anamwambia Su-an, ambaye amempisha bibi kizee kiti, kwamba katika hali kama hii kila mtu ajitazame mwenyewe. Maneno hayo ndiyo deni lake. Mtu wa kwanza kumwonyesha namna ya kulilipa ni Sang-hwa, yule mwanamume wa miraba minne anayeigizwa na Ma Dong-seok, anayeuzuia mlango kwa mwili wake huku amekwisha kung'atwa na mazombi, na ambaye pumzi zake za mwisho anazitumia kumtajia mkewe mjamzito jina la mtoto atakayezaliwa. Ikifika zamu ya Seok-woo, naye ameng'atwa mkononi, yuko juu ya kichwa cha treni kinachokwenda, na amebakiwa na dakika chache za akili timamu. Anamwonyesha yule mama mjamzito breki ilipo, anamuaga binti anayemlilia, anakwenda nyuma kabisa, na akili inapoanza kumtoka anakumbuka siku alipompakata Su-an akiwa mchanga. Anatabasamu. Kuanguka kwake hatukuoni. Tunaona kivuli chake tu kikiachana na kivuli cha treni.

Filamu hiyo ilikwisha kutuonyesha miili mingi ikiraruliwa, kwa hiyo uamuzi wa kutuficha mwili wa baba haukutokana na woga wa damu. Ulitokana na heshima, na nadhani mtazamaji huihisi heshima hiyo hata asipoweza kuieleza. Kisha linakuja jambo ambalo wengi hawalitambui kwa mara ya kwanza. Mapema katika filamu tuliona kwamba Su-an alishindwa kumaliza wimbo wake shuleni kwa sababu baba hakufika. Mwishoni, ndani ya handaki la kuingilia Busan, askari wameamriwa kuwapiga risasi watu wawili wanaowaona gizani wakija kwa miguu, na kinachowaokoa ni kwamba Su-an anauimba wimbo huo. Kwa hiyo baba anaendelea kuwa na kazi katika kisa hata baada ya kutoweka. Ndiyo sababu hukufurahi, ndugu yetu, na ndiyo sababu hukusahau.

SWALI: Mama yangu husema hakuna kifo cha filamu kilichowahi kumliza kama cha Amitabh katika Sholay. Mimi naziona filamu za Kihindi kuwa za nyimbo na mapenzi, haziwezi kuwekwa pamoja na hizo za Hong Kong. Naomba utuamue. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Mama yuko sahihi, na tunaomba umfikishie shikamoo yetu. Filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwa miongo mingi, na kizazi chake kilijifunza kupima kifo cha sinema kabla ya sisi kuzijua kanda za Hong Kong.

Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kutoka Agosti 1975, ni filamu ya mapigano tangu mwanzo hadi mwisho, nyimbo zikiwamo. Jai, anayeigizwa na Amitabh Bachchan, ana desturi ya kurusha shilingi kila yeye na rafiki yake Veeru wanaposhindwa kuamua jambo. Darajani, wakiwa wamezidiwa na majambazi na risasi zinakwisha, shilingi inaamua kwamba Jai abaki na Veeru aende kutafuta risasi nyingine. Veeru anaporudi, Jai anamfia mikononi, na hapo ndipo anapoiokota ile shilingi na kuona kwamba pande zake zote mbili ni sawa. Fikiria maana yake: kila uamuzi tulioudhani wa bahati tangu mwanzo wa filamu ulikuwa uamuzi wa Jai. Kifo kimoja kinakulazimisha uirudie filamu nzima kichwani. Na pembeni yuko Radha, mjane, mkwe wa Thakur, yule bwana aliyewakodi Jai na Veeru. Ndoa ya Radha na Jai ilikuwa imekwisha kukubaliwa na wakubwa bila yeye kulitamka neno hilo. Huyo anafiwa na uchumba ambao haukuwahi kutangazwa.

Mkumbushe mama pia Deewaar ya mwaka huo huo wa 1975, iliyoandikwa na waandishi wale wale, Salim Khan na Javed Akhtar. Humo Bachchan ni Vijay, kuli wa bandarini anayegeuka kuwa mfanya magendo, na beji yake ya kazi ina namba 786, ambayo Waislamu wengi wa Bara Hindi huihesabu kuwa ni Bismillahi. Mzee wa bandarini anamweleza thamani ya namba hiyo, na kweli beji inaizuia risasi iliyokuwa ya kumuua. Katika mbio za mwisho, akifukuzwa na mdogo wake mwenyewe ambaye ni polisi, beji inamdondoka. Anafia mapajani mwa mama yake, ndani ya hekalu ambalo tangu utotoni alikataa kulikanyaga. Nikilazimishwa kuchagua kati ya vifo hivyo viwili, nakichagua hiki cha pili, kwa sababu kila kitu ambacho Vijay alikikataa kinamkuta hapo kwa pamoja.

SWALI: Nimetazama filamu nyingi za kutisha zenye damu ya ndoo na nikalala vizuri. Ringu ya Japani haina damu, lakini tukio la yule mwanamke kutoka kwenye televisheni lilininyima usingizi. Walilipigaje picha, na kwa nini linatisha hivyo? Msomaji, Kisumu.

JIBU: Swali la kwanza lina jibu rahisi. Mwongozaji Hideo Nakata, katika filamu hiyo ya mwaka 1998 iliyotokana na riwaya ya Koji Suzuki, alimpiga picha mwigizaji Rie Inō akitembea kinyumenyume kwa mishtuko ya viungo, kisha picha ikachezeshwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Tunachokiona ni mtu anayekuja mbele, lakini uzito wa mwili hauangukii mahali tunapoutarajia, na jicho linaigundua kasoro kabla akili haijaitambua. Lile jicho linaloonekana kwa karibu kupitia nywele ni la mfanyakazi mwingine wa filamu, mwanamume, aliyeondolewa kope.

Swali la pili linahitaji kuutazama mpangilio wa kisa. Humo, anayeitazama kanda ya video yenye laana ya Sadako, mzimu wa msichana aliyefia kisimani, hufa baada ya siku saba. Anayekufa hapo ni Ryuji, anayeigizwa na Hiroyuki Sanada, na anakufa baada ya mambo kuonekana yamekwisha. Yeye na Reiko, aliyekuwa mkewe, wamekipata kisima, wameyatoa mabaki ya Sadako, na Reiko ameivuka siku ya saba akiwa hai. Mtazamaji ameshusha pumzi. Ryuji yuko nyumbani kwake, mchana, amekaa na kazi zake; hakuna giza, hakuna mlango unaolia. Kisha televisheni inawaka yenyewe.

Kilichobaki ni mambo ambayo filamu ilikwisha kutufundisha bila sisi kujua kwamba tunafundishwa. Ndani ya kisima tuliziona kucha zilizong'oka na kunasa ukutani, za msichana aliyejaribu kupanda, kwa hiyo mkono usio na kucha unapotokea sakafuni kwa Ryuji hatuhitaji kuelezwa ni wa nani na aliteseka kiasi gani. Mwanzoni mwa filamu tuliona uso wa mwathiriwa wa kwanza ukiganda na picha kugeuka rangi, nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi, na uso wa Ryuji unafanywa vivyo hivyo. Sadako hamgusi mbele yetu. Anamtazama, basi. Damu ya ndoo hutueleza kifo kilivyotokea na ikishaeleza imemaliza kazi yake, lakini hapa hatuambiwi Ryuji alikiona nini ndani ya jicho hilo, na kazi ya kukitafuta tunaachiwa sisi wakati taa zimezimwa. Isitoshe, kifo hicho ndicho kinachomfunulia Reiko kanuni halisi ya laana, kwamba yeye alipona kwa sababu aliinakili kanda na kumwonyesha mwingine. Mwanawe naye ameitazama kanda hiyo, kwa hiyo kifo cha Ryuji kinamweka mama katika uchaguzi mbaya kuliko kifo chenyewe.

SWALI: Mhariri, nina maswali mawili ya filamu za Kurosawa, mwongozaji wa Japani. Je, ni kweli kwamba mishale inayomuua shujaa wa Throne of Blood ilikuwa ya kweli? Na katika Seven Samurai, mbona yule bingwa wa upanga anauawa kwa bunduki, kifo cha mara moja kisichomstahili? Msomaji, Mwanza.

JIBU: La kwanza, ndiyo. Katika filamu hiyo ya mwaka 1957, Akira Kurosawa alitumia wapiga mishale wenye ujuzi, na mingi kati ya mishale inayomkosa Toshiro Mifune na kukita kwenye mbao ilirushwa kweli. Ule wa shingoni ni ufundi wa kamera. Hofu iliyo usoni mwa Mifune haikuwa ya kuigiza yote. Kinachofaa kuongezwa ni kwamba mishale hiyo hairushwi na adui. Kisa kimetokana na Macbeth ya Shakespeare, lakini badala ya kumuua mtawala huyo mwovu katika pambano la mtu na mtu, Kurosawa anamwacha auawe na askari wake mwenyewe waliokwisha kumchoka.

Kuhusu Kyuzo, huyo bingwa wa upanga wa Seven Samurai ya mwaka 1954, nakuomba uitazame tena, kwa sababu kutostahili huko ndiko Kurosawa alikokukusudia. Samurai wanne wanakufa katika filamu hiyo na wote wanne wanakufa kwa risasi. Hakuna hata mmoja anayeshindwa kwa upanga. Majambazi wanaokivamia kijiji wanachokilinda wana bunduki tatu tu. Moja kati ya hizo aliiteka Kyuzo mwenyewe, alipokwenda peke yake usiku na kurudi asubuhi akaikabidhi kimya kimya, akaketi kupumzika. Bunduki ziliingia Japani kwa Wareno mwaka 1543, na filamu inasimulia karne hiyo hiyo, wakati ambapo mkulima au jambazi asiye na mafunzo yoyote alianza kuwa na uwezo wa kumuua mtu aliyefanya mazoezi maisha yake yote. Kyuzo angeuawa na mpiga panga mwenzake, tungepata pambano zuri na tungemsifu mshindi. Alivyouawa, hakuna wa kumsifu.

SWALI: Katika The Raid ya Indonesia nilimsahau steringi nikamkumbuka adui, Mad Dog. Je, ni mimi tu? Na ni kweli kwamba mwigizaji wake aliuawa tena katika sehemu ya pili? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Si wewe peke yako. Mad Dog, anayeigizwa na Yayan Ruhian katika filamu hiyo ya mwaka 2011, ana bastola mkononi na Sajenti Jaka amekwisha kuwa mateka wake. Angeweza kumaliza kwa risasi moja. Anaiweka bastola pembeni ili wapigane kwa mikono, na anamvunja Jaka shingo. Kwa hiyo, baadaye, anapomfungua minyororo Andi, kaka yake steringi Rama, na kukubali kupigana naye pamoja na Rama kwa wakati mmoja, tunajua kwamba hajigambi. Ndugu hao wawili wanalazimika kumchoma shingoni kwa kipande cha taa ya bomba, na hata hapo anaendelea kupigana kwa muda ambao unamfanya mtazamaji aanze kuwahofia walio wazima. Ni adui mwenye kanuni, anakufa akiitii, na ndiyo sababu kifo chake kina hadhi ambayo cha bosi wake hakina. Ufundi wa mapigano ya silat, sanaa ya mapigano ya Indonesia, humo ulipangwa na Yayan mwenyewe pamoja na Iko Uwais, anayeigiza Rama.

Ni kweli pia kwamba alirudi. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2014, mwongozaji Gareth Evans alimpa uhusika mwingine kabisa, Prakoso, muuaji mzee anayesalitiwa na kufia katika uchochoro wenye theluji. Jakarta haina theluji, na wapo waliolalamika. Mimi naiunga mkono: weupe huo unamtenga Prakoso na jiji lililomtumia, na Evans hakuona haja ya kuuhalalisha kwa maelezo. Ukiwapenda watu hawa, usianze na The Raid. Anza na Merantau ya mwaka 2009, filamu ya kwanza ya Evans pamoja na Uwais, ambamo kijana anayeigizwa na Uwais anatoka kwao Sumatra kwenda kutafuta maisha Jakarta. Yayan yumo, na humo anayekufa mwishoni ni steringi mwenyewe.